Ramani Niliyoizeesha

"Mbona umeizeesha?"

Bibi aliuliza hivyo tu, nami nikakosa jibu. Nilikuwa nimemtandikia mezani ramani ya pwani yetu, kutoka Tanga hadi Pangani, kazi ya wiki tatu za kukesha, nikingojea sifa. Karatasi ina rangi ya chai ya maziwa, pembe zinaonekana kama zimeungua, milima ya Usambara imechorwa kwa vistari, bahari imepambwa kwa mistari inayoufuata ufuko. Ungeapa imetoka kwenye sanduku la Mjerumani. Kumbe imetoka kwenye kompyuta yangu, juzi!

Ilianza hivi. Bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni alitaka kitu cha kutundika ukutani. "Wageni wanapenda vya kale," akasema. "Nifanyie ya zamani." Mimi ramani nazipenda, na mfukoni sikuwa na kitu. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Usidhani ni kubonyeza kitufe kimoja, ndugu yangu. Natumia programu iitwayo QGIS, ya bure, na ubishi wake ni kwamba inataka kila nukta iwe na latitudo na longitudo yake. Mstari wake umenyooka kama uzi wa fundi. Mchoraji wa karne ya 19 alikuwa na mkono, na mkono hutetemeka. Basi kazi yote ni kuifundisha mashine kutetemeka.

Nilianza na milima. Nilichukua vipimo vya miinuko vilivyokusanywa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, nikatoa mistari ya kontua, kisha nikapanga vistari vifupivifupi vinavyoteremka kama maji ya mvua. Kanuni yake aliieleza Johann Georg Lehmann mwaka 1799: mteremko ukiwa mkali, kistari kinanenepa, ukiwa wa pole, kinakonda, tambarare inabaki nyeupe. Bahari nayo nikaizungushia mistari, wa kwanza umebanana na nchi kavu, inayofuata ikiachana zaidi kadiri unavyokwenda kilindini. Mwisho nikalaza picha ya karatasi kuukuu juu ya vyote, hadi wino ukaonekana umezama ndani.

Kielelezo changu kilikuwa ramani ya Erhardt na Rebmann, wamisionari wa Rabai, karibu na Mombasa. Mwaka 1854 Erhardt alikaa hapa hapa Tanga kwa miezi kadhaa, akiwauliza watu wa misafara habari za bara. Ramani ikachapishwa Ulaya mwaka 1855 na 1856. Katikati yake kuna ziwa moja kubwa ajabu, limejikunja kama koa, yule konokono asiye na gamba. Watu wakaibandika jina: ramani ya koa. Burton na Speke walipotumwa mwaka 1856, fumbo la ziwa hilo lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowaleta. Februari 1858 wakaona Ziwa Tanganyika. Agosti, Speke bila mwenzake akaliona Nyanza. Ukiongeza Nyasa, hapo koa anakatika vipande vitatu.

Nami nilikuwa namcheka koa yule. Lakini hebu fikiri. Tuseme mtu wa Kilwa amesema, nenda magharibi utakuta maji makubwa. Kweli tupu. Wa Bagamoyo naye kasema vivyo hivyo. Kweli. Wa Tanga pia. Kweli. Hakuna aliyedanganya hapo. Aliyeyaunganisha maji yao ni penseli. Na kile kichwa kirefu cha ramani kinakiri kwamba habari zimetoka kwa wenyeji wengi na wasafiri Waislamu. Wengi! Majina yaliyobaki ni mawili tu, na yote mawili ni ya wazungu.

Sasa nirudi kwa Bibi. Yeye ni mzaliwa wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Alipochoka kungoja jibu langu, akaweka kidole kusini ya mto. "Mbona hapa peupe? Hapakuwa peupe hapa." Akaanza kunitajia: kisima, mkwaju wa kupumzikia, mahali pa kuvuka kijito maji yakipwa. Ukitoka alfajiri, adhuhuri umefika. Nikaandika kwenye daftari. Usiku nikakaa na programu, nayo haijui adhuhuri wala mkwaju, inataka tarakimu. Nikakisia. Nikaweka kisima, kijito na mkwaju, kisha kwenye fremu ya maua pale pembeni nikaandika jina langu kwa herufi za madaha.

Asubuhi Bibi akaangalia, akacheka mpaka machozi.

"Visima viwili, mume wangu! Kimoja cha kunywa, kimoja cha kufulia. Wewe umevitia kimoja."

Nilikuwa nimeandika "kisima" mara mbili daftarini, nikadhani amerudia maneno kama wanavyorudia wazee. Basi koa wangu ni yule. Sikumchora kwa kukosa setilaiti. Nilimchora kwa kukosa kuuliza tena.

Nikavitenga visima. Nikafuta jina langu pale kwenye fremu, nikaandika la Bibi, na la baba yake, na la babu yake. Nikampelekea mteja. Akasoma, akakunja uso. "Huyu nani? Wageni watamjua wapi? Toa jina, toa na visima, acha maua."

Ningependa kukuambia nilikataa. Sikukataa. Kodi ya chumba ilikuwa imefika, nikatoa jina, nikatoa visima, akanilipa taslimu. Ipo ukutani kwake leo, na wageni wanapigia picha mbele yake, wakiamini ni ya kale.

Ya pili nimeichapa kwenye karatasi nyeupe, bila moshi wala chai, na mwaka huu huu umeandikwa chini. Hiyo ipo chumbani kwa Bibi na jina lake limo. Kila nikienda ananikuta na kosa. Juzi kasema kijito nimekipeleka mbali mno na mkwaju.

Nakwenda kuichapa mara ya nne.