Sikio la Kikongwe: Jirani na Adui katika Simulizi la Shing'weng'we

Kila Msukuma aliyelelewa na bibi anamfahamu Shing'weng'we, zimwi lililowameza watu wote wa nchi isipokuwa mwanamke mmoja mjamzito. Mwanamke huyo alimzaa Masala Kulangwa, naye alipokua akaliua zimwi, akalipasua tumbo, watu wakatoka wakiwa hai. Majina yenyewe yana hoja ndani yake. Masala ni akili, kulangwa ni kufundishwa. Ilhali jina la zimwi limebeba kiambishi shi-, cha ngeli ya vitu.

Nililisikia simulizi hili Shinyanga vijijini katika miaka ya 1970, kwa bibi mzaa baba. Watambaji wengine wa kijijini kwetu walilipa zimwi sauti ya Mtaturu: walitoa maneno ya ovyo kuigiza lugha wasiyoijua, nasi watoto tukacheka. Kitaturu ni lugha ya Kiniloti, haina udugu na Kisukuma. Masimulizi ya wizi wa ng'ombe baina ya makundi haya ni mengi, na aghalabu kila upande husimulia nusu yake. Bibi hakuigiza sauti hiyo. Zimwi lake lilisema Kisukuma safi.

Wataturu wenyewe hujiita Wadatoga. Taturu ni matamshi yetu. Jina la Mang'ati walipewa na Wamaasai, na maana yake ni adui. Wala tusijione bora, kwani Sukuma ni "kaskazini" tu, jina la mtu anayetazamwa kutoka kusini.

Hali hii si yetu peke yetu. Katika utendi wa Manas wa Wakirgizi, Wakalmuki na Wachina ndio maadui, lakini Almambet, sahibu mkubwa wa shujaa, ametoka kwao. Karajan katika Alpamysh ni Mkalmuki pia. Wageni hawa hupokelewa kwa sharti zito: waache watu wao na dini yao.

Baadaye nilisikia kwa mtambaji mwingine kipande ambacho bibi hakuwahi kukitamba. Masala Kulangwa alipolipasua zimwi, kisu kilimkata sikio kikongwe mmoja aliyekuwamo tumboni. Kikongwe, badala ya kushukuru, alighadhibika akataka kumloga mwokozi wake. Zimwi limekwisha kufa, na adui amekwisha kupatikana miongoni mwa waliookolewa! Wahakiki wetu hukipita kipande hiki upesi mno.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu walianzishwa Shinyanga ili kukomesha wizi wa ng'ombe. Mahali pengine kazi hiyo iliwahamia vikongwe. Macho mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi yalitosha kuwa ushahidi. Hapo ndipo majirani walipokumbuka kwamba bibi alizaliwa Mtaturu. Alikuwa ameolewa kwa ng'ombe halali, akazaa watoto sita, akazika wawili, na miaka yote hiyo neno hilo halikutajwa. Mimi mjukuu sikulijua. Baba alimtoa usiku kwa baiskeli hadi kituo cha basi, akampeleka kwa shangazi Geita, walikokuwa wamehamia Wasukuma wengi kutafuta ardhi.

Tunapokusanya ngano tunaandika kijiji, tarehe na umri wa mtambaji. Nimekagua fomu zangu mwenyewe za utafiti: hakuna mahali pa kuuliza mtambaji alizaliwa upande gani wa simulizi analolitamba.

Nilimtembelea Geita mara moja kabla hajafariki. Alikuwa akipeta mtama. Nilimwuliza kama alikijua kipande cha sikio. Akaendelea kupeta hata nikadhani hakunisikia.

"Nakijua, mjukuu wangu," akasema. "Ila kikongwe yule hakukasirika. Alikuwa akiuliza tu limeangukia wapi."