Kabla ya Ufunguo, Lete Karatasi

Mdogo wangu alipopata nafasi ya kusomea Birmingham, Uingereza, nyumbani tulichinja kuku. Tulihangaikia karo, viza na koti la baridi. Habari ya chumba haikutupitia akilini, kwani mwenye pesa hakosi pa kulala.

Wiki ya tatu akanipigia simu, sauti imemkauka. "Kaka, huyu mzee amekataa kunipa chumba. Pesa ninazo, viza ninayo, lakini anasema hataki mambo ya karatasi."

Niliulizauliza nikaelewa. Huko England kuna sheria ya mwaka 2014 inayomtaka mwenye nyumba ahakikishe, kabla ya kumpangisha mtu yeyote aliyetimiza miaka 18, kwamba ana haki ya kuishi nchini. Ilijaribiwa kwanza huko huko Birmingham na miji jirani kuanzia Desemba 2014, kisha ikaenea England nzima Februari 2016. Scotland na Wales haitumiki. Hata raia wenyewe hukaguliwa. Tangu Februari 2024, anayempangisha asiye na haki hiyo bila kumkagua anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 10,000 kwa kila mtu, na hadi 20,000 akirudia kosa.

Basi, msomaji, mwenye nyumba hufanya nini? Raia huonyesha pasipoti na kazi ikaisha. Mgeni hutoa nambari maalumu ya kuangalia kibali chake kwenye mtandao. Wengine huona afadhali kumkwepa. Mwaka 2019, Mahakama Kuu ilisema sheria hiyo inaleta ubaguzi. Mwaka uliofuata, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba baadhi ya wenye nyumba hubagua, lakini ikaiacha sheria isimame.

Nilichemka. Jumapili nikaenda Githurai, kwenye vyumba vya mama vya kupangisha, nimwage hasira zangu. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akamimina chai, kisha akaniuliza polepole, "Na yule mama Mkongo?"

Nikanyamaza. Mwaka jana alikuja mwanamke kutoka Kongo na watoto wawili, mkononi ameshika karatasi za ukimbizi na kodi ya mwezi mzima. Mimi ndiye niliyemwambia mama, "Polisi wakija tutasema nini?" Zile karatasi sikuzisoma. Hakuna aliyenitishia faini. Ulikuwa woga wangu tu.

Mdogo wangu hatimaye alipata chumba kwa mwenye nyumba aliyekubali kutazama ile nambari. Shughuli yenyewe ilichukua dakika chache. Mzazi unayempeleka mwana huko, mwambie aombe mapema bweni la chuo na aweke kibali chake tayari.

Yule mama Mkongo sijui alilala wapi usiku ule. Chumba kile kilikaa kitupu miezi miwili.