Jina Lililopotea Katika Jedwali

Askari mmoja mstaafu wa polisi, mkazi wa Kampala, kwa miaka mingi aliwasimulia wajukuu zake habari moja tu kila ilipotajwa michezo: kwamba tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, mwenzake wa jeshi la polisi, John Akii-Bua, alikimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kuzimaliza kwa chini ya sekunde 48. Tena alikimbia katika njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali na wakimbiaji wengi huichukia.

Mjukuu wake wa kike, anayesomea kompyuta, alikusanya matokeo ya zamani ya mbio hizo akayapanga katika jedwali: jina, nchi, tarehe, muda. Kisha akaiagiza mashine ipange nyakati zote, zilizo bora zikitangulia. Juu akatokea Karsten Warholm wa Norwe, sekunde 45.94, Tokyo 2021. Katika kumi bora Akii-Bua hakuwamo.

"Babu, mbona shujaa wako hayumo?"

Mzee hakukasirika, ingawa mkewe asema siku hiyo chai yake ilipoa bila kunywewa. Alijibu tu, "Mjukuu wangu, umeuliza nani ana mbio kuliko wote. Mimi sikukuambia hivyo. Uliza kabla ya siku ile ni nani aliyepata kukimbia hivyo."

Lilikuwa neno la haki. Kompyuta ni karani mtiifu mno: hujibu ulichouliza, si ulichokusudia. Binti akaandika swali jingine, kwamba kwa kila tarehe utolewe muda ulio mfupi kuliko nyakati zote zilizoutangulia. Majibu akayachora, miaka chini, sekunde ubavuni. Ikatokea ngazi iteremkayo. David Hemery wa Uingereza, 48.12, mwaka 1968. Akii-Bua, 47.82. Edwin Moses wa Marekani, 47.64 mwaka 1976, kisha akaishusha rekodi yake mwenyewe mara tatu hadi 47.02 mwaka 1983. Kevin Young, 46.78, mwaka 1992. Halafu mstari umelala bapa miaka 29 mpaka alipokuja Warholm. Hatua ya Mganda ni sehemu tatu za kumi za sekunde, kubwa kuliko ile ya kwanza ya Moses.

Mahali pamoja palimtatiza binti. Mwaka 1976, Montreal, nafasi ya Uganda ilikuwa tupu. Alidhani ni kosa la uandishi, akataka kuifuta.

"Usiifute," Mzee akasema. Akaeleza kuwa nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwemo, ziliisusia michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi, na New Zealand bado ikaruhusiwa kushiriki. Akii-Bua hakupata kuitetea nishani yake.

Binti akaongeza safu ya tano, akaiita "sababu". Hadi jioni walikuwa bado wakiijaza, babu akitaja, mjukuu akiandika.