Wafu Hawarudi, Haki Yao Hubaki

Huku kwetu Rungwe, neno la Kinyakyusa abasyuka huwataja wafu wa ukoo. Kabla Uislamu haujatufikia, na kabla ya Wamoravian kuja mwaka 1891, wazee waliamini kwamba wafu hao wana kauli katika mvua, mavuno na maradhi ya walio hai. Ndiyo maana mwongozaji Mussa Banzi alipoiita filamu yake ya kutisha Nsyuka, mwanzoni mwa miaka ya 2000, jina hilo halikuhitaji mfasiri Tukuyu. Baadaye alitoa Shumileta, kisa cha jini wa kike aliyempenda mwanadamu. Filamu za namna hiyo hutazamwa kwa mayowe. Ninayotaka kuizungumzia leo ilitazamwa kwa kimya, na kimya hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Filamu yenyewe ni Atlantique, ya mwaka 2019, kazi ya Mati Diop, mwanamke mwenye asili ya Senegal, na ilipata tuzo ya Grand Prix katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Mpwa wangu anayesoma chuo Mbeya alikuja nayo Suma wakati wa likizo. Vijana wanaojenga mnara kando ya bahari mjini Dakar wanakaa miezi kadhaa bila kulipwa. Usiku mmoja wanapanda mtumbwi kuelekea Hispania, wasifike. Miongoni mwao yumo Souleiman, aliyependana na Ada, msichana aliyekwisha kuposwa na mtu mwenye mali. Kisha roho za waliozama zinaingia katika miili ya wasichana wa mtaani, nao wanakwenda usiku nyumbani kwa tajiri kudai ujira. Souleiman naye anarudi katika mwili wa kijana mpelelezi wa polisi, apate kumuaga Ada.

Dada yangu mkubwa aliitazama pamoja nasi, mpwa akimweleza kwa sauti ya chini yanayosemwa kwa Kiwolof. Mumewe alifariki miaka minne iliyopita, barabarani, akirudi na mchele kutoka Kyela. Filamu ilipokwisha hakuinuka. Akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe umesoma. Huko aliko, mimi ananikumbuka?"

Nikasema kwanza lile ambalo ni wajibu kulisema. Itikadi yetu iko wazi: afaye huingia barzakh, na baina yake na dunia pana kizuizi hadi siku ya kufufuliwa. Roho ya marehemu haizunguki mitaani wala haikodi mwili wa mtu mwingine. Niongeze kwa wazazi kwamba filamu hiyo ina sehemu za faragha zisizofaa kutazamwa na watoto. Lakini dada hakuniuliza kuhusu filamu. Aliuliza kuhusu mumewe, na swali la namna hiyo halijibiwi kwa karipio.

Katika kamati yetu ya msikiti, ndugu mmoja alipendekeza vijana waonywe dhidi ya visa hivi vya huzuni kwa kuwa vinadhoofisha imani. Kuonya kuhusu itikadi ni sawa. Huzuni yenyewe, hata hivyo, haina kosa. Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya Sahaba zake. Na miaka mingi baada ya Bi Khadija (r.a.) kufariki, dada yake, Hala, alibisha hodi akiomba idhini ya kuingia. Mtume (s.a.w.) akakumbuka namna Bi Khadija alivyokuwa akiomba idhini, moyo wake ukatikisika. Vilevile baada ya vita vya Badr, binti yake Zaynab (r.a.) alipopeleka mkufu kumkomboa mumewe aliyekuwa mateka, Mtume (s.a.w.) aliutambua. Ulikuwa wa Bi Khadija, aliompa binti yake alipoolewa. Akaingiwa na huruma kubwa, akawaomba Sahaba wamwachie mateka yule na kuurudisha mkufu.

Hapo hapana mzuka wala mwili wa kuazima. Pana sauti ya dada na mkufu wa mama, na pana mume ambaye, kila alipochinja kondoo, aliwapelekea nyama marafiki wa mkewe aliyetangulia. Nilimsimulia dada habari hizo. Nikamkumbusha pia kwamba Surat ar-Ra'd imewaahidi wema kuingia mabustani ya milele pamoja na walio wema katika wazazi, wenza na watoto wao. Akafuta machozi, akaniambia nisiache kumwombea dua shemeji yangu.

Hata hivyo, filamu ile iliniachia jambo moja linalonihusu mimi mwenyewe kama katibu. Wafu wa Dakar hawakurudi kwa mapenzi peke yake. Walirudi kwa sababu ya deni. Nasi tunajua kwamba Allah amejitangaza kuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akachukua kazi yake kamili asimlipe. Tunajua pia kwamba Mtume (s.a.w.) alijizuia kumswalia maiti mwenye deni, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipobeba dhamana ya kulilipa.

Katika kila jeneza mimi ndiye ninayesimama na kutangaza: anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, awaone warithi. Siku zote sehemu ya kwanza ya tangazo husikika kuliko ya pili. Alipofariki shemeji, wadai watatu walifika kabla juma halijaisha, na walilipwa. Kati ya waliokuwa na deni lake, alitokea mmoja tu, baada ya miezi minane, akiwa na gunia la mchele begani. Dada humtaja mtu huyo kwa heri hadi leo. Wengine tunakutana nao safuni.

Ndugu zangu, ikiwa kisa cha wafu wanaodai ujira wao usiku kimetugusa, basi tujiulize tunachowadai na tunachodaiwa. Hakuna marehemu atakayekuja kugonga mlango wa mtu hapa Suma. Mjane wake na mayatima wake wapo, wanapita mbele ya mlango huo kila siku wakienda kuchuma chai, nao ndio wenye haki ile sasa. Tuwafuate wao kabla hatujafuatwa na hesabu.

Wabillahi tawfiq.