Bastola za Shemeji

Nikisema kwamba nimewahi kupiga bastola, wenzangu wa kwaya hucheka hadi machozi. Mimi muuguzi, niliyekaa miaka mingi katika chumba cha majeruhi! Silaha siipendi hata leo. Lakini ngojeni niwasimulie.

Mwaka 2016 nilikwenda Ohio, Marekani, kumwuguza mdogo wangu aliyekuwa amejifungua mtoto wa pili. Mumewe ni Mmarekani, mtu mpole, naye hukusanya bastola za baruti nyeusi, za aina iliyotumika katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865. Aliyonipa nipige ilikuwa Colt ya muundo wa 1851, ambayo silinda yake imechorwa mapigano ya merikebu. Ilikuwa nakala iliyotengenezwa Italia. Za asili ni ghali mno.

Namna ya kuishindilia ilinikumbusha gobore la babu. Hutangulia baruti, kisha goroli ya risasi laini inayokandamizwa kwa wenzo ulio chini ya mtutu, halafu fataki kwa nyuma. Mbele ya kila tundu hupakwa mafuta mazito, cheche zisije zikarukia matundu ya jirani yakalipuka kwa pamoja. Nilipiga mara moja tu. Moshi ukatufunika, ukinuka kama yai viza. Siku ileile tuliiosha kwa maji ya moto na sabuni, maana masizi yake hunyonya unyevu na kula chuma. Kazi hiyo niliipenda. Ni kama kuosha vyombo vya upasuaji.

Jumamosi iliyofuata alileta Remington kuukuu yenye kutu, aliyoinunua kwenye mnada wa vitu vya marehemu. Akaiweka mezani, akaenda kunawa. Mtoto wao wa kwanza, wa miaka minne, akaishika kwa mikono miwili. Niliruka nikamnyang'anya.

"Usihofu," shemeji akasema, "ina umri wa zaidi ya miaka 100."

"Shemeji, mimi nimefunga vidonda vya vijana waliodhani gobore la baba halina kitu."

Akanyamaza. Akachomoa silinda, akapima kila tundu kwa kijiti. Katika manne kijiti kiligonga mwisho. Katika mawili kilisimama njiani. Chini ya kutu na mafuta yaliyokauka mlikuwa na goroli, na nyuma yake baruti. Fataki tu ndizo hazikuwepo. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haiharibiki; karne hupita ikingoja cheche.

Aliyalowesha matundu yale kwa maji, mikono ikimtetemeka. Mdogo wangu hakusema naye hadi usiku, na sikumlaumu. Juma lile likanunuliwa kabati la chuma lenye kufuli.

Siku hizi akinunua nyingine hunipigia simu, na kabla sijauliza hunijibu kwa Kiswahili chake cha kubabaisha: "Shemeji, kijiti tayari."