Mwenzio Chini ya Maji

Jambo la kwanza analofunzwa mtu anayejifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, kabla hata hajalowa, ni kwamba asizame peke yake. Wazamiaji huenda wawili wawili. Kabla ya kujitosa kila mmoja humkagua mwenziwe: mtungi umefunguliwa, jaketi la kuelea linajaa, mkanda wa risasi unafunguka kwa mkono mmoja. Chini huulizana hali kwa vidole, na mmoja akiishiwa hewa huvuta katika mtungi wa mwenziwe, wakapanda pamoja. Ni kanuni nzuri. Nimeifuata kwa zaidi ya miaka 20 bila kuitilia shaka hata siku moja, na sababu ni moja tu: nilikuwa na mwenzangu.

Sasa sina. Mwaka juzi daktari alimsikiliza moyo akamwambia kuwa bahari basi, yaani bahari ya chini; ya juu ruhusa. Yeye ni fundi wa mashine za boti, nami nilikuwa mwalimu wa sekondari. Ananiita Maalim, namwita Fundi, ingawa tumekulia mtaa mmoja hapa Unguja na tungeweza kuitana majina mabaya zaidi. Tumezama pamoja Bawe, Pange na Murogo, kaskazi na kusi, katika maji meupe na katika maji ambayo huoni kiganja chako. Mimi nina miaka 58 na sijaambiwa niache. Basi lile suala wanalobishania vijana barazani, kuzama peke yako au na mtu, kwangu limeacha kuwa la ubishi. Imenibidi niamue.

Nilianza kwa kuzama na wageni. Ukifika peke yako kwenye boti ya watalii, hupangiwa mtu, kama abiria wawili wanavyobanwa kiti kimoja cha daladala. Wa kwanza niliyepangiwa alikuwa na kamera kubwa kuliko kichwa chake. Juu ya maji alikuwa mtu mwema, mcheshi, alinigawia hata machungwa yake. Chini alimwona mkunga katoa kichwa shimoni, akamkalia dakika 12 nzima, nami nikawa nazunguka nyuma yake kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi. Sikuacha kumwangalia. Yeye hakugeuka hata mara moja. Lau hewa yangu ingekatika pale, ningelazimika kwanza kumfikia, kisha kumgusa bega, kisha kumtoa katika usingizi wa mkunga wake. Katika daftari la boti tuliandikwa wawili. Kwa kweli yeye alikuwa na mwenziwe, mimi sikuwa naye. Wapenda methali watanikumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Sawa, lakini vidole viwili visivyokutana navyo havimvunji.

Wa pili alikuwa kijana mwenye hofu, na hofu si aibu, sote tulianza nayo. Ila hofu hula hewa. Mtungi wa kawaida wa lita 12, ukijazwa hadi bar 200, unabeba lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu hupumua kiasi cha lita 20 kwa dakika akiwa juu. Mita 20 chini, ambako mgandamizo ni mara tatu ya ule wa juu, hupumua 60. Ukiweka akiba ya bar 50, unabaki na nusu saa. Mtu mwenye hofu huimaliza hiyo nusu saa kwa dakika 12 au 15. Na hofu ikimshika barabara, mwenzake hageuki mwokozi tu, hugeuka kitu cha kushikilia, na wapo waliong'olewa kinywa cha kupumulia na mikono ya watu waliokwenda kuwasaidia. Wanaopenda kuzama peke yao hulishika sana neno hili. Wanasema: bora nijitegemee kuliko kumtegemea nisiyemjua.

Nao hawasemi ovyo. Hubeba mtungi wa pili mdogo, wenye kinywa chake. Wa lita 3 ukiwa umejaa una lita 600, ambazo kwa mita 20 ni dakika 10 kwa mtu mtulivu, na kupanda polepole kutoka hapo, hata ukisimama dakika 3 kwenye mita 5, hakuzidi dakika 6. Hesabu inatosha. Hubeba visu viwili, miwani ya akiba, boya la kujionyesha. Mwaka 2011 hata PADI, shirika kubwa la mafunzo lililoanza mwaka 1966 na ambalo kwa miaka mingi lilisisitiza uwiliwili, liliweka mafunzo ya mzamiaji wa kujitegemea, kwa mtu aliyekwisha kuzama mara 100. Mimi nimekwisha kuzipita hizo zamani. Niliununua mtungi mdogo.

Lakini mtungi mdogo haukuoni. Hapo ndipo ninapokwama. Siku moja, miaka mingi nyuma, tulikuwa kwenye mabaki ya Great Northern, ile meli iliyokuwa ikitandaza nyaya za mawasiliano chini ya bahari, ambayo imelala karibu na Bawe kwenye mita kama 12. Vyuma vile hukusanya mishipi ya wavuvi. Mmoja ulinasa nyuma ya kichwa changu, penye shingo ya mtungi, mahali ambapo mkono haufiki. Nilisogea mbele, ukakaza. Kabla sijageuka kumtafuta Fundi, nilimsikia yuko mgongoni, kisu kimekwisha kukata. Tulipopanda botini nikamuuliza umejuaje, maana sikukupigia ishara. Akasema, "Miguu yako ilipiga vingine, Maalim."

Jambo hilo haliandikwi katika fomu. Hewa yake sikuihitaji. Nilihitaji ajue miguu yangu hupiga vipi siku zote.

Tena yako maradhi ambayo hayangoji ishara. Moyo ukisita, au akili ikilewa naitrojeni huko chini, mtu hana habari kama anahitaji msaada. Mwaka 1947, miaka minne tu baada ya Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan kuutengeneza mtambo wao wa kupumulia, Maurice Fargues, mmoja wa wazamiaji wa kundi la Cousteau, alishuka kwa kamba hadi mita 120, akatia sahihi yake kwenye kibao kilichotundikwa huko, kisha akaacha kuivuta kamba kwa ishara. Wenzake walimvuta haraka. Walimpata, lakini roho hawakuiwahi. Kumbe hata kamba si dawa ya kila kitu.

Walakini kamba imenifikirisha. Wazamia lulu wa Ghuba, kabla ya mtungi kujulikana, hawakuwa na mtu wa kuogelea nao ubavuni. Mzamiaji, waliyemwita ghais, alishuka kwa jiwe, na juu ya jahazi alikaa saib, kazi yake ni kushika kamba na kumpandisha anapotikisa. Sitaki kuupamba mkono ule ulioshika kamba. Miongoni mwa waliozama walikuwamo watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani hii yetu, na kilichongojwa juu zaidi ya mzamiaji kilikuwa kikapu chake. Lakini kama ufundi, maana yake ni kwamba mwenzio si lazima alowe. Wazamiaji wa kazi wa siku hizi nao mara nyingi hushuka mmoja, na mtu wa juu ana kamba mkononi, wala hana kazi nyingine.

Nilipomweleza Fundi hayo alicheka kwanza. Halafu akaleta kamba, yenye alama kila mita, na akataka tukubaliane: mvuto mmoja ni salama, miwili naomba kamba, mitatu nipandishe. Ngalawa ni ya nduguye, na kijana anayeiongoza anaweza kujitosa ikibidi. Tunakwenda siku za maji mafu tu, pasipo mkondo wa kuilaza kamba, na kwenye mchanga ulio wazi, si kwenye vyuma. Pono wanatafuna matumbawe karibu yangu kwa sauti ya mtu anayekula ukoko. Nikimwona taa mkubwa, mkono wangu bado huinuka kumwonyesha mtu ambaye hayupo.

Lililobaki kati yetu ni kina. Mimi nataka mita 18. Yeye anasema 12, na kamba ameikata mwenyewe kwa kipimo hicho.