Mboga za Kwaresima na Damu ya Mama

Jumatatu, 17 Machi 2025

Mama ameshuka kutoka Nyandira na gari la alfajiri, barabara ya Mgeta ikiwa tope tupu. Tumekutana hospitali. INR yake, kipimo cha muda wa damu kuganda, leo ni 1.5, na mwezi uliopita ilikuwa 2.6. Daktari anataka ikae kati ya 2 na 3. Vidonge vya warfarini hajaruka hata kimoja, nimevihesabu.

Daktari hakumgombeza. Alimuuliza siku hizi anakula nini. Mama akasema tangu Jumatano ya Majivu hali nyama: mchana ugali na mnafu, usiku majani ya maboga. Hapo daktari akapata jibu. Ini hutumia vitamini K kutengeneza protini zinazogandisha damu, na warfarini huzuia mwili usiitumie upya vitamini hiyo. Mboga za kijani zimejaa vitamini K, kwa hiyo zikiongezeka ghafla, dawa huzidiwa nguvu.

"Mboga usiziache, Mama. Ila kula kiasi kilekile kila siku, sisi tutapanga dawa kufuata chakula chako."

Dozi imeongezwa kidogo. Atakaa kwangu Kihonda mpaka apimwe tena, maana badiliko la dozi huchukua siku kadhaa kuonekana.

Jumanne, 18 Machi

Dada kapiga simu kutoka Nyandira. Jirani kamwambia damu nzito ni damu iliyojaa mno, Mama atolewe kidogo apate nafuu. Nilimsikia kabisa kwamba hakulala.

Nimemweleza taratibu. Wapo watu ambao chembe nyekundu huzidi kwenye damu, kwa ugonjwa wa uboho, wa mapafu au kwa sigara. Hilo huonekana kwenye picha kamili ya damu, na baadhi yao kweli hutibiwa kwa kutolewa damu. Mama alishapimwa, yuko sawa. Kipo pia kipimo cha uzito wenyewe wa damu, lakini huagizwa mara chache, kwa mfano daktari akishuku saratani inayojaza protini kwenye damu. INR inauliza jambo jingine: damu inachukua muda gani kuganda? Maabara huchanganya majimaji ya damu na kemikali ya kuigandisha, huhesabu sekunde, kisha hulinganisha na damu ya mtu asiyetumia dawa, ambaye huwa karibu na 1. Kemikali za maabara hazifanani, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani likaweka kipimo hiki cha pamoja mwaka 1983. Namba ya Morogoro daktari wa Dar es Salaam anaisoma vilevile.

Jumatano, 19 Machi

Mwanangu, anayesoma Mzumbe, kamuuliza bibi yake kwa nini asipewe dawa mpya zisizohitaji kipimo hiki. Swali zuri, nami nililipeleka kwa daktari siku nyingi zilizopita.

Mama aliugua koo utotoni, hakutibiwa ipasavyo, na homa iliyofuata ikaacha kovu kwenye valvu ya moyo. Valvu imebana, mapigo hayana mpangilio, damu inatuama kwenye chumba cha juu cha moyo. Damu iliyotuama hufanya donge, na donge likipanda ubongoni ni kiharusi. Kwa wagonjwa wa namna hii ulifanyika utafiti wa INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Waliotumia dawa za kundi la warfarini walifariki wachache kuliko waliopewa rivaroxaban, mojawapo ya hizo dawa mpya. Kwa hiyo Mama anabaki na dawa ya zamani, na dawa hiyo haiendi bila kipimo: INR ikishuka kuna donge, ikipanda sana kuna kuvuja damu, hata ndani ya kichwa.

Jumamosi, 22 Machi

Tumbo limemsumbua usiku. Jirani yangu hapa Kihonda, kwa moyo mwema, kaleta Flagyl. Nimeishukuru nia yake, dawa nikaiweka kando. Flagyl na Septrin huipandisha INR. Aspirini na diklofenaki huongeza hatari ya kuvuja damu. Nimempigia muuguzi wa kliniki, akasema tumpe maji ya chumvi na sukari, tumwangalie. Jioni kala uji. Majina ya dawa hizo nimeyaandika kwa herufi kubwa ndani ya kadi yake, ili hata nisipokuwepo muuza duka la dawa ayaone.

Jumatatu, 24 Machi

2.3! Mama kamshika daktari mkono kwa mikono yake miwili.

Nikauliza kuhusu Pasaka, tarehe 20 Aprili. Nyama itarudi, mboga zitapungua sahanini, na dozi hii iliongezwa kwa ajili ya mboga za Kwaresima. Daktari kaitazama kalenda, kasema ni kweli, INR inaweza kupanda. Mboga ziendelee hata siku ya sikukuu, na tarehe ya kipimo imesogezwa: Jumatatu, 28 Aprili. Nitapanda Nyandira siku moja kabla, nishuke naye.